Picha ya Mgongo wa Mama

Wasomaji wakinikuta kazini huanza na pole. Niko juu ya ngazi, nachora ramani ya Tanzania kwenye ukuta wa darasa la tano, nimefika Ziwa Rukwa, na mtu anasimama chini, ananiita mwalimu ingawa mimi si mwalimu, ananipa pole ya baba. Baba alifariki miaka mingi iliyopita. Nashuka, kwa sababu si adabu kupokea pole ukiwa juu ya kichwa cha mtu, na huku rangi inakauka ndani ya kopo.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya siku zote hapa Old Korogwe na shule za jirani: ramani, moyo wa binadamu, mfumo wa chakula, mabango ya maduka na saluni. Kitabu nilikichora pembeni ya kazi, kidogo kidogo, kwa miaka. Ni kitabu cha picha, picha ndani ya visanduku na maneno machache juu ya vichwa vya watu, kama katuni za magazetini, ila hakichekeshi. Kinamhusu baba yangu, aliyekwenda vita vya Kagera akiwa kijana na kurudi Handeni mzima wa viungo vyote, na jinsi vita vile vilivyoendelea kukaa nyumbani kwetu na sisi tuliozaliwa baadaye. Watu wa Dar es Salaam walikichapa. Nilidhani kikishachapwa nitapumzika.

Sikupumzika. Nilichofanya ni kutandika matanga upya, na sasa wageni wanaingia kila siku na sijui nitayaanua lini.

Lazima nieleze handaki, maana ndilo kila mtu analolizungumzia. Nyuma ya jiko letu kule Handeni baba alichimba handaki kwa mikono yake, mwaka aliorudi, kabla mimi sijazaliwa. Lilikuwa la mraba, lenye kina cha kumfika mtu mzima kifuani, na ngazi za udongo za kushukia. Radi ikipiga, hata kama mvua yenyewe bado iko mbali, alitukusanya watoto akatushusha humo, akatulalia juu mpaka ngurumo zinyamaze. Hakupiga kelele. Alitulalia kimya, koti lake bichi linanuka tumbaku, na mapigo ya moyo wake nikiyasikia mgongoni kwangu. Kisha mvua ikikatika tulipanda juu tumejaa tope, naye akaenda kufunga mbuzi kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku za kawaida mama alivundika ndizi mle shimoni. Alikuwa muuza ndizi sokoni, kwa hiyo shimo halikukaa bure.

Ndizi sikuzichora. Niliona zingeharibu picha. Mwanamume anatetemeka juu ya watoto wake, halafu pembeni pana mkungu wa ndizi. Msomaji angecheka mahali ambapo sikutaka acheke.

Picha ninayoulizwa kuliko zote iko katikati ya kitabu na imechukua ukurasa mzima. Nina miaka sita au saba, natazama nje kutoka shimoni kupitia kwapa la baba, na ninachokiona ni mgongo wa mama. Anakimbia kwenye mvua kuelekea nyumbani, kanga imemganda mwilini, ameinama. Anatuacha. Ndivyo nilivyoona, ndivyo nilivyochora, na nilipoimaliza niliipenda kuliko zote kwa jinsi mvua ilivyokubali kuchoreka.

Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari moja alinialika nizungumze na wanafunzi wa kidato cha tatu. Nilikwenda nimejipanga kueleza jinsi ninavyochora. Mwalimu alitaka dhamira kuu. Baada ya dhamira alitaka fundisho, nami nikasema fundisho sina, nilichora tu. Aliniangalia kama mgeni aliyekuja na mikono mitupu, akageuka akaandika ubaoni: madhara ya vita, umuhimu wa malezi, nafasi ya mwanamke katika jamii. Wanafunzi wakanakili. Msichana wa mbele alinyoosha mkono akauliza kwa nini mama alikimbia. Nikamjibu kwamba mvua ilikuwa inanyesha. Akaandika na hilo.

Kutoka Dar es Salaam wasomaji walinitumia ujumbe kwa simu, na hao hasira yao ilikuwa juu ya ukurasa wa msiba. Baba alipofariki, mtani wetu alikuja. Sisi ni Wazigua, yeye ni Mnyamwezi, baba yake aliletwa huku zamani kukata mkonge akazeekea hapa hapa Korogwe. Kwetu mtani haji msibani kulia. Mtani wetu alilitoa koti la baba mahali lilipotundikwa, akalivaa, akapita katikati ya waombolezaji kwa ule mwendo wa baba wa kuangalia vichaka. Mtu akaangusha mfuniko wa sufuria kule jikoni, naye akajitupa chini kifudifudi, akajifunika mkeka, akawa anawaita wanawake waingie handakini upesi. Watu walicheka mpaka wakalia, na kilio kile ndicho kilichokuwa cha kweli siku ile. Ilikuwa mara ya kwanza katika ua wetu mtu kusema kwa sauti kile alichokuwa nacho baba. Msomaji mmoja aliniandikia kwamba mtu yule angeshtakiwa. Wa kwanza wa kwanza niliwaeleza utani ni nini. Kisha nikachoka kueleza, nikawa nawajibu asante kwa kusoma.

Aliyeniweza kabisa alikuwa mzee mmoja aliyepigana vita vile vile. Alinikuta nachora bango la duka la dawa za mifugo, ng'ombe amebaki bila pembe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akatoa kitabu ndani ya mfuko wa rambo. Alikuwa amekunja pembe za kurasa zote zenye makosa. Mkanda wa bunduki haukai hivi. Kofia haikuwa hii. Na handaki, alisema, halichimbwi mraba, linapinda, ili bomu likianguka upande mmoja walio upande wa pili wapone. Mraba ni kaburi. Nikamwambia la baba lilikuwa mraba, nimelala humo, nalijua. Akatazama ile picha tena.

"Basi baba yako hakuchimba handaki," alisema.

Nilimtafutia chai. Alikunywa taratibu. Alipomaliza aliweka kidole juu ya mgongo wa mama, akasema na mke wake pia alikimbia, yeye hakurudi tena, na hamlaumu. Akanishukuru kwa chai akaenda zake. Niliudhika siku nzima, na nilichoudhikia ni lile neno "na", kwamba mama yangu na mke wake walikuwa wamewekwa kapu moja. Lakini hata hapo sikuelewa kilichokuwa kinakuja.

Mama yuko Handeni bado, katika nyumba ile ile. Kitabu kilipotoka nilimpelekea nakala. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati pamoja na vyombo vya wageni, akaniuliza kama nimekula. Kusoma anajua. Hakukifungua, na mimi sikumuuliza, nikijiambia kwamba namstahi, kumbe naogopa.

Kisha shangazi, dada wa baba, alinipigia simu. Shangazi hajawahi kukipenda kitabu. Maneno yake toka mwanzo yalikuwa kwamba mtani akimsema marehemu ni utani na unaisha siku ile ile, lakini mtoto akimsema mzazi ni tusi, na mimi nimelichapisha. Siku hiyo hakurudia hayo. Alisema kitabu kimeingia sokoni Handeni, kinapita kutoka meza hadi meza, na wasiojua kusoma wanasoma picha. Mwanamke mmoja wa pale pale sokoni, muuza nyanya, alimwambia mama mbele za watu: kumbe wewe ndiye uliyemkimbia mume shimoni. Wengine walicheka. Mama alinyanyuka, akajifunga kanga vizuri, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hajakanyaga soko.

Mtu asiyemjua mama hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Kuuza aliacha zamani, magoti yamekataa, lakini soko hakuliacha. Kila asubuhi alikwenda akakaa kwenye kigoda chake kati ya wauza viazi na wauza dagaa, akaulizia wagonjwa, akasuta, akasutwa, adhuhuri akarudi. Ndiyo maisha yake. Sasa, shangazi alisema, hata chumvi anamwagiza mtu wa bodaboda.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimwacha ng'ombe wa watu bila pembe nikapanda basi la Handeni.

Nilimkuta mama anachambua mchicha. Alinikaribisha kama kawaida, akanieleza habari za kuku, za kisima cha jirani, za bei ya sukari. Nilimsaidia mchicha. Mwishowe nikasema nimesikia ya sokoni, na kama ataridhia nimsomee kitabu mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, aniambie niliposema uongo, nami nitawaambia watu hadharani. Hakuinua macho.

"Wewe ni mwanangu," alisema. "Wewe nitakujibu nini? Kaniletee mtani."

Nilirudi Korogwe kumtafuta. Ni fundi baiskeli, ana banda karibu na stendi, mwembamba, meno ya mbele hana, na mdomo wake haujui kupumzika. Nilipomweleza aliacha kuziba pancha, akafuta mikono kwa gunia. Alisema ameshangaa Wazigua wamekaa muda wote huo bila kumwita, ndiyo shida ya watu wasio na akili, wanaugua mpaka wanaoza halafu ndipo wanamkumbuka mganga. Kesho yake tukaenda pamoja.

Alianza matusi toka mlangoni. Aliuliza kama nyumba hii bado wanaishi watu au wamebaki wachawi peke yao. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha baba, ambacho hakuna anayekikalia, akakikalia, akataka kuku, tena jogoo, asipikiwe mtetea aliyechoka kutaga. Mama alimwambia nyumba hii haipiki kuku kwa ajili ya wala panya. Nilimwangalia mama. Uso wake, uliokuwa umefungwa toka siku ya mchicha, ulikuwa umefunguka. Shangazi alikuwa ameshafika, amekaa karibu na mlango, kanga mdomoni.

Mama alinyanyuka mwenyewe, akashusha kitabu juu ya kabati, akamtupia mapajani. Akamwambia asome, na asiruke.

Basi akasoma. Maneno yangu hayakumhusu, alisoma picha. Pua ya baba aliifananisha na kitako cha jembe. Mimi aliniita boga lililoota miguu. Akafika ukurasa wa msiba, akajiona mwenyewe ndani ya koti la baba, akalalamika kwamba nimempunguzia urembo, na meno aliyokuwa nayo wakati ule sikumchorea. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Nilianza kufikiri labda atapita salama, labda ataona haya kwenye ile picha, aigeuze upesi. Kumbe alikuwa ameiruka, akarudi nyuma kuitafuta. Aliishika mbali na macho, akaigeuza kwa mama aione.

"Na hapa je?" alisema. "Radi imelia, mume shimoni, watoto shimoni, mwanamke wa Kizigua huyoo, mbio. Ulikuwa unamkimbilia nani, mke wangu? Mbona mimi nilikuwa Korogwe?"

Shangazi alitazama sakafu. Mimi nilitamani nitoke nje nikashindwa. Ndilo neno lile lile la muuza nyanya, ila mtani huwezi kumsusia, na huwezi kumkasirikia. Mtani unamjibu.

"Nilikuwa nakimbiza ndizi, mpumbavu wewe," mama alisema.

Mtani akauliza ndizi gani, yeye haoni ndizi. Mama akanyoosha mkono akachukua kitabu. Aliitazama picha kwa muda, kwa mara ya kwanza. Kisha alimweleza mtani, yeye tu, kana kwamba mimi na shangazi hatumo chumbani.

Alisema baba alipochimba lile shimo watu walianza kuuliza. Shimo tupu nyuma ya jiko, si choo, si la takataka, ni la nini? Alijua wakishapata jibu mume wake atakuwa kichekesho cha wilaya nzima. Kwa hiyo akawaambia ni lake, ni shimo la kuvundikia ndizi. Neno lilimtoka tu. Na Handeni hii kavu, ndizi zenyewe zinashuka kutoka Dindira, milimani. Akishasema shimo la ndizi, ilibidi ndizi zipatikane. Hakuwa amewahi kuuza hata tembele. Alikwenda Korogwe kungoja lori la ndizi, akarudi na mikungu, akaifukia kwa majani makavu, na zilipoiva wale wale waliokuwa wanauliza ndio waliokuja kununua. Maswali yakaisha. Ndivyo alivyokuwa muuza ndizi.

"Sasa mawingu yakikusanyika je?" mtani alisema, kwa sauti iliyopungua utani.

Mama alisema ndiyo, mawingu ndiyo yaliyomzeesha. Mwanzoni hakujua. Radi moja ilipiga ndizi zikiwa bado zimefukiwa, baba akashuka shimoni akazikuta chini ya majani na udongo.

"Alizifukua kwa kucha," mama alisema. "Moja moja. Anaziita majina ya watu. Kila anayoitoa anaifuta udongo, anailaza pembeni vizuri. Nikasema hatazikuta tena."

Tangu siku ile alikuwa akiangalia mbingu kuliko mkulima. Upepo ukigeuka tu anaacha alichoshika, anafukua, anabeba mkungu mmoja mmoja kifuani, anakimbiza ndani, ili baba akishuka akute shimo tupu. Mara nyingine ngurumo zilimtangulia, akawa anatoa wa mwisho huku baba anashuka na watoto. Ndiyo hiyo picha. Ameinama hivyo kwa sababu ndizi ni nzito.

Shangazi alikuwa anajifuta macho kwa pembe ya kanga, yeye aliyekuwa jirani wa ua ule miaka yote, aliyekula zile ndizi. Na mimi nilizila. Nilikumbuka pale pale: tukipanda kutoka shimoni tumelowa, nyumba nzima inanuka ndizi, mikungu imelazwa mpaka chini ya kitanda, na mama anatugawia zile chache zilizokuwa zimewahi kuiva. Nilikuwa nadhani ni zawadi ya kutunyamazisha kilio. Nilikumbuka na siku niliyokaa Old Korogwe na penseli, nikaamua ndizi zingechekesha watu. Niliona aibu, aibu ya kutokwa jasho.

Mtani alikohoa, akajirudisha kazini kwake. Alisema sasa jogoo hatoshi, wamemliza mtu mzima ugenini, anadai mbuzi. Mama akamwambia atamla mbuzi wa mbinguni. Jogoo alichinjwa hata hivyo.

Jioni ile, mtani akiwa amelala kwenye mkeka kwa shibe, nilimwambia mama nitaichora upya. Watu wa Dar es Salaam wanataka kukichapa tena na wameomba masahihisho. Nitamgeuza, nitachora uso wake, watu wamwone. Alikataa uso. Alisema uso wake wa siku zile hataki kuuona, na mgongo ni wake vile vile. Alitaka ndizi. Nikatoa penseli nikaanza palepale, ndani ya nakala yake, mkungu ukitokeza pande zote mbili za kifua chake. Alisimama nyuma yangu. Aliniambia niongeze, ulikuwa mkubwa kuliko huo, nikaongeza. Alisema hapana, bado, nikaongeza tena mpaka ikaeleweka kwa nini mtu yule ameinama.

Asubuhi nilimkuta amevaa kanga ya kutokea, kigoda kiko mlangoni, kitabu ameshakitia kwapani. Kabla hajatoka alikifungua tena, akaniuliza kwenye kitabu kipya ndizi zitakuwa mbichi au mbivu. Nilimwambia haitaonekana, mama, kitabu hakina rangi, ni wino mweusi tu.

"Zichore mbichi," alisema. "Zikiiva ndani ya shimo, ujue wiki nzima baba yako alilala usingizi. Hizo za kukimbia nazo zilikuwa mbichi."

Nikarudia kwamba msomaji hatajua tofauti. Alikuwa ameshanyanyua kigoda.

"Wewe zichore mbichi," alisema. "Mimi nitajua."